Kipande cha Tano

Mkuu wa kituo alitaka jalada la moto wa duka la vitabu liwe mezani kwake kabla gari la mahakamani halijaondoka alasiri. Inspekta alijua maana yake. Mzee aliyekuwa mahabusu angepandishwa kwenye gari hilo, angesomewa shitaka la kuchoma mali ya watu, na kutoka hapo angepelekwa gerezani kungoja kesi, yeye na pumu yake.

"Kwa kifua kile," Sajini alisema huku akipambana na dirisha lililogoma kufunguka, "akikaa kule mwezi haturudishiwi mtu. Tunaletewa taarifa."

Inspekta alikuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza, anausugua mguu uliovimba. Alikuwa mwanamke mtu mzima, amebakiza muda kidogo astaafu, na vijana wa kituoni walimwita Bibi Polepole akiwa hayupo. Akiwepo walimwita mama.

"Mlete," alisema, akakivaa kiatu.

Mzee aliletwa. Alikuwa katekista mstaafu, na karibu kila mtu pale mtaani alifundishwa naye sala akiwa mtoto. Bado alikuwa na shati jeupe lile lile alilokamatwa nalo juzi jioni. Alikaa, akaweka mikono mezani kama mtu anayesubiri kupewa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka leo."

"Nimechoka tangu mwaka juzi. Mzee, Jumapili ulisimama kanisani ukasema kile kitabu wanachokigombania watu, dawa yake ni moto."

"Nilisema."

"Juzi jioni duka linalokikodisha likawaka. Watu wakakukuta barazani, umeshika kitasa cha mlango, moshi unatoka."

"Basi nilishika kitasa."

"Ulifuata nini pale?"

Mzee alitazama dirisha. "Nilikuwa napita."

"Mtu anayepita hashiki kitasa."

"Mimi nilishika."

Sajini alishusha pumzi. "Mzee wangu, hebu tusaidie kidogo. Hata uongo mzuri tu."

"Uongo sisemi," mzee alisema.

Inspekta alimtazama mikono. Vinyweleo vyeupe vilikuwa vimejaa kuanzia vifundoni mpaka kwenye pindo za mikono ya shati, virefu, vimelala vizuri kama vimechanwa. Pindo zenyewe zilikuwa chafu kwa jasho la mahabusu, lakini hazikuwa na masizi. Alisema arudishwe.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa binti wa yule mzee, amekumbatia chupa ya uji. Alimtazama Inspekta akipita, akataka kusimama, akakaa tena.

*

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye baraza, limebanana na kinyozi upande wa kulia. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gundi, alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda, mikono yake yote miwili imefungwa bandeji nene.

"Nisamehe siwezi kukupa mkono, mama," alisema.

"Hiyo mikono ndiyo iliyozima moto?"

"Mikono na gunia. Nilikuwa nimekwenda kununua uzi. Narudi, nakuta watu wamemkamata katekista, na moshi unanisalimia."

Inspekta aliingia ndani taratibu, akishika ukuta. Hakugusa kitu kwanza. Alisimama katikati, akageuka pande zote, kisha akamwambia Sajini ashike tochi na kuinama, kwa sababu yeye akiinama kuinuka ni kazi nyingine. Rafu za vitabu zilikuwa zimeungua mbele tu, juu juu. Meza ya kufanyia kazi ndiyo iliyoliwa. Miguu yake ilikuwa imekuwa mkaa tangu chini, na sakafu hapo ilikuwa nyeusi tii.

"Umeanzia chini ya meza," Sajini alisema.

"Chini ya meza kulikuwa na nini, mzee?"

"Kopo la taka. Na kopo la gundi."

"Gundi gani?"

"Ile ya viatu. Inanuka, lakini inashika." Mzee Gundi aliegemea fremu ya mlango. "Najua unachotaka kusema. Inashika na moto pia. Marehemu mke wangu aliniambia hivyo mpaka akafa."

Inspekta aliuliza kuhusu mlango. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, zima, halina hata mkwaruzo. Limefunguliwa kwa ufunguo. Ufunguo mmoja alikuwa nao Mzee Gundi mfukoni. Wa pili ulikaa kwa kinyozi, kama ule wa kinyozi ulivyokaa kwake. Ndivyo walivyokuwa wakiishi, mmoja akienda msalani mwenzake anamtazamia duka.

"Sasa nieleze hiki kitabu. Mimi sijakisoma."

"Basi wewe ndiye mtu wa mwisho duniani." Mzee Gundi alicheka kidogo, akakohoa. "Kinaitwa Muhuri wa Wazee Saba. Kuna mtafiti anagundua kwamba zamani wazee saba wa dini walikula kiapo kuficha sanduku chini ya madhabahu. Ndani ya sanduku kuna ushahidi kwamba sala za mazishi zilitungwa na karani mmoja aliyelipwa. Basi, kukimbizana, kuuana, mjane mzuri. Watu wamepagawa. Wengine wanasema ni kweli tupu, wengine wanasema ni kufuru, na wote wanakitaka. Na mimi nilikuwa nacho kimoja."

"Kimoja, mtaa mzima?"

"Ndiyo maana nakata." Alionyesha kwa bandeji, kama mtu anayekata mkate. "Kitabu kikipendwa namna hiyo nakivunja mgongo, nakigawa vipande, kila kipande nakishona na kukivisha jalada la karatasi ngumu. Hiki kilitoka vipande vitano. Unachukua cha kwanza, ukirudisha ndipo unapata cha pili. Watu watano wanasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, hakuna anayemngoja mwenzake."

"Na juzi jioni vipande hivyo vilikuwa wapi?"

"Mikononi mwa watu. Cha kwanza mpaka cha nne vyote viko nje, mpaka sasa. Cha tano ndio kabisa. Muuguzi wa zahanati alikichukua, akapata uhamisho wa ghafla kwenda kusaidia kwingine, akaondoka nacho. Ni msimu mzima sasa. Mtaa wote umesoma mpaka cha nne ukakwama hapo, wanabaki kugombana mwisho utakuwaje."

Inspekta alikaa kwenye kigoda bila kuombwa. "Kwa hiyo mtu aliyekuja kuchoma kitabu hicho, hapa hakikuwepo."

"Hata jalada lake."

Sajini alikuwa amelivuta kopo la taka na kumimina majivu kwenye gazeti. Yalikuwa ya karatasi, mepesi, na katikati yake kulikuwa na kipembe cha jalada gumu ambacho hakikuungua, na uzi umepita kwenye matundu. Uzi ulikuwa mwekundu.

Mzee Gundi alikisogelea, akakitazama muda mrefu. "Nyekundu nashonea kipande cha mwisho tu. Mtu ajue hakuna tena, asinisumbue." Akatikisa kichwa. "Lakini nina vitabu vingi nilivyokata. Kinaweza kuwa cha kitabu chochote."

"Huwa unatupa vipande vyako kwenye taka?"

"Mimi? Nitatupa meno yangu kwanza."

*

Kwa kinyozi kulikuwa kumejaa, na habari ilikuwa ile ile. Mwalimu wa hesabu alikuwa kwenye kiti, nusu ya kidevu ina povu. Mshonaji nguo wa ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Kinyozi mwenyewe, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe la mikono mirefu, aliinua wembe kumsalimia Inspekta.

"Karibu, mama. Tunamjadili yule mzee wako. Si unaona? Kitabu kikisema kweli, kinachomwa. Kingekuwa porojo nani angehangaika nacho?"

"Porojo," mwalimu alisema bila kusogeza kidevu. "Wazee ni saba kwenye kipande cha kwanza. Kwenye cha tatu wanakufa wanane. Nimewahesabu. Mtu asiyejua kuhesabu atajuaje siri za madhabahu?"

"Wewe unasoma kitabu kama unasahihisha mtihani," mshonaji alimwambia. "Mimi wazee hata siwataki, nawaruka. Nataka kujua yule mjane atampata mtafiti au hatampata. Mwandishi ametuacha wamejifungia ghalani, na ghala linajaa maji."

"Huyo mjane ni chambo," kinyozi alisema. "Wanawake mmewekewa mjane ili msione kilicho muhimu. Kilicho muhimu ni sanduku. Mimi nimekisoma kila kipande mara mbili. Ile mitaa iko. Lile kanisa liko. Mtu hawezi kubuni vitu vingi hivyo."

"Uongo mrefu ndio unaotungwa vizuri," mwalimu alisema.

"Na kitabu hicho," mshonaji alisema, sasa anamtazama kinyozi, sauti imeshuka, "kimekugombanisha na dada zako wote. Ungekiacha ghalani na wewe."

Kinyozi alifuta wembe kwenye kitambaa, na katika kufuta koti likapanda kiwiko cha kushoto. Mkono ulikuwa laini, unang'aa, hauna kinyweleo hata kimoja. Akalishusha koti. Inspekta alitazama ule wa kulia, unaoshika wembe. Kwenye kifundo, pale koti linapoishia, vinyweleo vilikuwa vyeusi na vimejaa.

"Ufunguo wa jirani unakaa wapi?" aliuliza.

"Pale." Msumari kando ya kioo, na ufunguo juu yake. "Lakini mama, humu wanaingia watu mchana kutwa. Mtu akiuchukua na kuurudisha nitajuaje? Yule mzee alinyolewa hapa juzi asubuhi."

"Alinyolewa?"

"Ndevu. Muulize."

Mwalimu alikohoa chini ya povu. "Ilikuwa wiki iliyopita. Mimi ndiye nilikuwa nyuma yake kwenye foleni."

"Basi wiki iliyopita," kinyozi alisema.

"Na mwisho wa kitabu," Inspekta alisema, "wewe unadhani utakuwaje?"

Wembe ulisimama kidogo juu ya shavu la mwalimu. "Nani ajuaye? Cha tano hakijarudi. Tunakingoja wote."

Inspekta aliaga. Nje Sajini alimshika kiwiko kuvuka mfereji. "Mbona hukumuuliza habari ya mkono?"

"Angeniambia alimwagikiwa na kitu, nami nisingekuwa na la kumjibu. Tutamuuliza nikiwa nalo. Wewe umefika kipande cha ngapi?"

Sajini aliona aibu. "Cha pili, mama. Foleni ni ndefu."

*

Waliporudi kituoni gari la mahakamani lilikuwa limeshafika, dereva amelala ndani miguu ikiwa nje ya dirisha. Inspekta alimtoa mzee mahabusu, akamkalisha ukumbini kando ya binti yake, akajikalisha na yeye benchi hilo hilo.

"Mzee, juzi hukuchoma kitu. Mikono yako imeniambia. Lakini mkuu hasomi mikono, anasoma maandishi, na mimi sina la kuandika. Ulifuata nini dukani?"

Mzee alikunja midomo.

"Baba," binti alisema. "Utasema, au niseme mimi?"

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza siku mbili. Gari lile pale." Akamgeukia Inspekta. "Alifuata kipande cha tano."

Sajini aliinua kichwa.

"Amekisoma mpaka cha nne," binti alisema, amechoka na anacheka kwa pamoja. "Mimi ndiye ninayemkodishia. Cha kwanza alisema anataka kujua adui anasema nini. Cha pili akasema haifai kuhukumu nusu. Cha tatu hakusema kitu, alizima tu redio nisimsumbue. Alikisema kanisani Jumapili, Jumatatu akaniuliza kama cha tano kimerudi."

Askari wa zamu pale kaunta alijifanya anatafuta kalamu.

"Ni uongo mtupu kile kitabu," mzee alisema hatimaye, macho chini. "Yule mwandishi ana kipaji, na Mungu atamuuliza alikitumiaje. Lakini wako ghalani, na maji yamefika kifuani. Ningefanya nini?"

"Ungesema hivyo tangu juzi, baba."

"Niseme mbele za watu niliowakataza? Afadhali gari."

Inspekta alijifuta uso kwa kiganja. "Nani alikuambia kimerudi?"

"Sista wa zahanati, yule muuguzi aliyehamishwa. Nilikwenda kwa dawa ya kifua jioni ile. Akaniambia, 'Katekista, nimerudi, na kile kitabu unachokilaani nimekirudisha sasa hivi.' Nikaenda mbio nikiwahi kabla hajakichukua mtu. Nafika, moshi."

"Kwa hiyo kilikuwepo," Sajini alisema.

"Twende kwa Sista," Inspekta alisema. Alipojaribu kuinuka benchi lilimkatalia, Sajini akamvuta mkono.

*

Muuguzi alikuwa anachemsha vifaa. Aliwajibu huku amewapa mgongo, maana alikuwa peke yake zamu nzima.

"Nilikirudisha, ndiyo. Mzee Gundi hakuwepo. Nikampa kinyozi, akafungua duka kwa ule ufunguo wao, akakitia kwenye kisanduku cha vilivyorudi. Nilimwona kwa macho yangu. Kwani kimeungua?"

"Kimeungua. Mliongea?"

"Si unamjua kinyozi. Alitaka nimwambie mwisho. Nikamwambia mjane anapona, mtafiti anapona, sanduku linapotelea majini. Halafu nikamwambia kilichonichekesha." Aligeuka sasa, koleo mkononi. "Baada ya hadithi kuisha kuna ukurasa mmoja, mwandishi anaongea mwenyewe. Anasema wazee saba hakuwahi kuwaona, sanduku halipo, zile sala hazikutungwa na karani yeyote, zimetoka kwa watu waliokuwa na msiba. Yeye amebuni yote ili kutupitishia muda. Anaomba radhi kwa atakayekuwa ameudhika. Mimi nilicheka peke yangu. Fikiria ngumi zote zilizopigwa barazani pale."

"Naye alicheka?"

Muuguzi alifikiri. "Hapana. Aliniuliza, 'Una hakika?' Nikamwambia asome mwenyewe. Akawa anatazama ukuta. Nilidhani amechoka na wateja."

Barabarani Sajini alipunguza mwendo ili Inspekta amfikie. "Mzee wetu naye alikuwa na sababu ya kukichoma," alisema. "Mkuu atasema hivyo."

"Aseme. Yule mzee angeupata ukurasa ule, angefanya nini?"

Sajini alifikiri, kisha akatabasamu bila furaha. "Angeugongomelea mlangoni mwa kanisa."

"Na Jumapili angeusoma kwa sauti. Ukurasa ule ulikuwa ushindi wake. Aliyekuwa akikipinga kitabu hakuwa na haja ya kuuchoma. Aliyeuchoma ni aliyekiamini." Alisimama kupumzisha mguu. "Na ni mtu aliyetuambia bado anakingoja. Nenda kamlete. Mwache amalizie kumnyoa mtu, asimwache nusu."

*

Kinyozi alikuja na koti lake jeupe. Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti viwili na meza iliyoyumba. Inspekta aliweka juu ya meza kile kipembe chenye uzi mwekundu, akakaa.

"Kipande cha tano uliletewa mkononi," alisema. "Sista ameeleza. Mbona uliniambia hakijarudi?"

"Nilisahau."

"Kunja mikono ya koti."

Hakukunja.

"Wa kushoto umeunyoa, wa kulia hukuunyoa. Sijawahi kuona kinyozi anayeacha kazi nusu. Vinyweleo vikiungua vinajikunja, vinanuka, mtu wa pembeni anajua. Wewe unajua kuliko wengine."

Kinyozi alikitazama kipembe.

"Nilitaka kuchoma ukurasa mmoja," alisema. "Mmoja tu, ule wa nyuma. Hadithi ingebaki."

"Ungeuchana ukautia mfukoni."

"Ningekwenda nao nyumbani? Nisingelala nao nyumba moja." Alikunja mkono wa koti sasa, taratibu, kana kwamba anajiandaa kudungwa sindano. "Wateja walipopungua niliingia, nikausoma. Nikauchana, nikauwasha juu ya kopo la taka. Ukaniunguza nikauachia. Kipande chenyewe kikateleza kikaangukia humo, na ile gundi ikalipuka. Sikujua gundi inalipuka vile. Nilikimbilia kwangu kuchota maji. Natoka na ndoo, watu wameshamkamata mzee barazani, Mzee Gundi yumo ndani anapiga moto kwa gunia. Nilimwaga maji yangu pamoja na wengine. Hakuna aliyeniuliza."

"Na mzee ukamwacha."

"Nikamwacha."

"Kwa ajili ya ubishi wa barazani?" Sajini aliuliza.

"Ubishi gani?" Kinyozi alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Mama yangu alipofariki, mimi nilikuwa nimefika kipande cha tatu. Yule mzee alikuja kumzika. Nikasimama langoni mwa makaburi nikamzuia. Nikamwambia sisi tunazika, hatununui sala za kughushi. Dada zangu walinipigia magoti pale kwenye matope. Mimi ndiye mkubwa, nikakataa. Tukamfukia mama kimya, kama watu wanaoficha kitu. Tangu siku ile dada zangu hawaniiti kaka." Alivuta pumzi. "Yule mwandishi anasema amebuni ili kutupitishia muda. Nilitaka mtu mwingine yeyote asiusome ukurasa ule. Hasa dada zangu."

Sajini aliandika. Inspekta alimwacha aandike mpaka mwisho, akamsomea kinyozi maelezo yake neno kwa neno, akamwuliza kama kuna la kuongeza au la kupunguza. Hakuwa nalo. Akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Kisha akaagiza mzee aletewe mkanda wake na viatu vyake, maana alikuwa huru.

Mzee alipita ukumbini akishikwa na binti yake, na mlango wa chumba ulikuwa wazi. Askari wa zamu alikuwa ameshamsimulia. Kituoni habari haikai. Alisimama pale mlangoni, akamtazama kinyozi, na kifua chake kilisikika kikipiga filimbi. Wote walingoja. Mtu aliyekaa mahabusu siku mbili kwa kosa la mwingine ana haki ya kusema maneno mawili matatu.

"Siku ile ulinizuia langoni," mzee alisema, "nilikwenda nyumbani kweli. Lakini kesho yake asubuhi nilirudi peke yangu. Nikamsomea mama yako ibada yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kilichobaki. Nilikaa kimya kwa sababu ungekuja kunipiga."

Kinyozi aliinamisha kichwa polepole mpaka paji la uso likagusa meza, na meza ikayumba.

Binti wa mzee alifungua mdomo. Alimtazama baba yake, uso umejaa mshangao, kisha akaufunga, akainamia chupa ya uji kukaza kifuniko kilichokuwa kimekazwa.

Inspekta alimwona. Kwa miaka yake yote ya kazi, hapo ndipo alipokuwa akiuliza. Mdomo unaofunguka ukafungwa haukuwahi kumpita. Sajini naye alikuwa ameona, ameshaweka karatasi mpya, kalamu iko juu, anangoja mama aulize asubuhi ile mzee alikuwa wapi.

Nje dereva wa gari la mahakamani alipiga honi.

"Weka kalamu," Inspekta alimwambia. "Hiyo siyo ya jalada letu."